Waya, Mchanga na Mkubwa Anayejua Kunyamaza: Malezi ya Ubunifu wa Watoto Wadogo Machakos

Ubunifu, kwa maana inayotumika katika makala haya, si kipaji cha kuchora wala sauti nzuri ya kuimba, bali ni uwezo wa mtu kuunda wazo au kitu ambacho kwake yeye ni kipya na ambacho kinafaa kwa jambo alilolikusudia. Maneno "kwake yeye" yana uzito mkubwa yanapozungumziwa malezi ya watoto wadogo, kwa sababu mtoto wa miaka 4 anayetambua kwamba kifuniko cha sufuria kikizungushwa sakafuni kwa ukingo wake hulia tofauti na cha plastiki hajaiongezea dunia ugunduzi wowote, ila amepita njia ileile anayoipita fundi mkubwa: amejaribu, amesikiliza, amelinganisha na amejaribu tena. Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford, ambaye hotuba yake ya mwaka 1950 iliwasukuma wataalamu wengi kuanza kuuchunguza ubunifu kama somo la kisayansi, alitenganisha fikra zinazoelekea kwenye jibu moja na fikra zinazotawanyika kutafuta majibu mengi ya swali lilelile. Aina hii ya pili, inayoweza kuitwa fikra tawanyifu, ndiyo inayoonekana kwa wingi kwa watoto wa chekechea, na ndiyo pia inayozimika upesi mkubwa anapozoea kutoa jibu kabla ya mtoto kumaliza kuuliza.

Nchini Kenya jambo hili limepata sura rasmi tangu mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017, ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwezi Januari 2019 katika madarasa ya awali na ya chini ya shule ya msingi, ukiutaja ubunifu kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujenga. Tangu hapo wazazi wengi wa Machakos, mjini na vijijini, wamekuwa wakiuliza ni kitu gani wanunue ili watoto wao wawe wabunifu. Swali hilo limeanzia pasipofaa. Mtoto mdogo anahitaji vitu vya kushika, muda wa kuvichezea na ustadi kidogo wa mikono, na mambo haya matatu mkubwa anaweza kuyatoa hata akiwa hana kitu mfukoni. Kinachomshinda mkubwa kwa kawaida ni sharti la nne, yaani kujizuia asimpe mtoto jibu.

Mfano ulio karibu zaidi ni gari la waya, ambalo bado huonekana likisukumwa kwenye vijia vya Mwala, Kangundo, Masinga na viunga vya mji wa Machakos wenyewe. Mtoto huanza na waya uliosalia kwenye ua au kwenye nyumba inayojengwa, akaunyoosha kwa kuugongagonga juu ya jiwe, akaukunja uwe fremu ya mstatili, kisha akatafuta magurudumu, ambayo huweza kuwa vizibo vya chupa vilivyotobolewa kwa msumari au vipande vya mviringo vilivyokatwa kwenye kandambili iliyokatika. Hapo ndipo matatizo ya kweli huanza. Gurudumu la kizibo huteleza kwenye vumbi, na la kandambili hushika ardhi lakini hulegea kwenye ekseli. Ekseli ikikazwa sana gari haliendi, na ikilegezwa linayumba. Usukani, ambao ni waya mrefu unaomfikia mtoto kifuani ili aliendeshe gari akiwa amesimama, hauna budi kuunganishwa na magurudumu ya mbele kwa namna itakayoyageuza bila kuyang'oa. Hakuna mwalimu anayeyafundisha mambo haya, na hakuna magari mawili yanayofanana kabisa, kwa maana kila mtoto alikuwa na waya wa urefu wake na tatizo lake. Mkubwa anayetazama kutoka kivulini ataona mtoto akilibomoa gari mara nne kwa asubuhi moja, na ataingiwa na hamu ya kuinuka akachukua koleo na kulitengeneza vizuri. Na akae. Akiinuka, gari litakuwa zuri zaidi, na mtoto atakuwa mtazamaji wa kazi ya mtu mwingine.

Mwaka 1971 msanifu wa Kiingereza Simon Nicholson alitoa hoja kwamba uwezo wa kubuni mahali popote huenda sambamba na wingi wa vitu ambavyo watu wa mahali hapo wanaweza kuvisogeza, kuvipanga na kuvibadilisha, na vitu vya namna hiyo vinaweza kuitwa vitu huru kwa kuwa havijaamuliwa matumizi yake mapema. Mwanasesere anayesema maneno matatu akibonyezwa tumboni ameshaamuliwa. Gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa laweza kuwa mtoto leo na ng'ombe kesho. Kwa kipimo hicho boma la kawaida la Ukambani ni tajiri kuliko maduka mengi ya vitu vya kuchezea. Pana nyuzi za mkonge, ambazo akina mama huzisokota pajani kwa ajili ya kusuka vyondo na ambazo mtoto wa miaka 5 anaweza kuanza kuzisokota mwenyewe. Pana mabua ya mahindi, udongo wa mfinyanzi, kokoto za rangi nyingi, na nafaka za jamii ya kunde ambazo eneo hili linasifika kwazo, yaani ndengu, mbaazi, kunde na maharagwe, zinazoweza kupangwa kwa rangi, kwa ukubwa au kwa mlio wake zinapotikiswa ndani ya kopo. Tahadhari moja ni ya lazima: mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachwe peke yake na mbegu, vizibo wala shanga, kwani chochote kinachoingia mdomoni au puani katika umri huo kitaingizwa humo, na punje ya mbaazi iliyovimba ndani ya pua si jambo la kuchokolewa nyumbani kwa kijiti.

Vitu huru vinaweza pia kutoweka bila mtu kukusudia. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017, ililetwa kwa sababu nzuri ambazo hakuna haja ya kuzibishania hapa, lakini iliwapokonya watoto malighafi ya mpira wa makaratasi, yaani wa mifuko hiyo, ule uliofungwa kwa kamba tabaka juu ya tabaka hadi ukadunda. Watoto waliitikia kwa matambara, sponji za magodoro makuukuu na nyuzi za mkonge, na katika kuitikia huko walilazimika kuanza upya kuuliza ni nini hasa kinachoufanya mpira udunde. Mzazi aliyeharakisha kununua mpira wa dukani alimfurahisha mtoto, na hana kosa, ila swali lile lilimpita mtoto huyo.

Maji ni jambo gumu zaidi. Vitabu vingi vya malezi vilivyoandikwa nchi za mbali hushauri kwamba mtoto apewe beseni la maji achezee, ushauri ambao katika nyumba inayonunua maji kwa mtungi, hasa miezi ya kabla ya mvua za Oktoba, hauna maana yoyote. Badala yake pana mchanga mkavu, ambao humiminwa, hupimwa, huchungwa na huchorwa juu yake kwa kidole bila kuharibika, na ambao kaunti hii imejaliwa mwingi. Sinia pana lenye mchanga uliochekechwa, pamoja na vikopo vitatu vya ukubwa tofauti, linatosha kumshughulisha mtoto wa miaka 3 kwa muda unaotosha kuchagua maharagwe ya chakula cha jioni. Kwenda mtoni kuchimba mchanga ni furaha kubwa kuliko zote, lakini kwafaa kufanyika tu pamoja na mtu mzima, kwa kuwa mito ya mchanga hufurika ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali, na kingo zilizochimbwa na wachuuzi wa mchanga huporomoka.

Kusema kwamba mtoto aachiwe nafasi si kusema kwamba asifundishwe. Hapa ndipo ushauri mwingi wa siku hizi unapoteleza, ukidhani kuwa ustadi na ubunifu ni maadui. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya yale ambayo mtoto anayaweza peke yake na yale yasiyowezekana kwake kabisa kuna eneo la kati, ambamo anaweza akisaidiwa kidogo na mwenzake anayejua zaidi. Malezi mazuri hufanyika katika eneo hilo, na msaada huondolewa kidogo kidogo kadiri mkono wa mtoto unavyokomaa. Machakos ina shule ya kale ya jambo hili katika uchongaji wa Wamunyu. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alikutana na uchongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliporudi nyumbani akaanza kuchonga sanamu za kuuza, kazi iliyoenea kutoka kwake kwa jamaa na majirani hadi ikawa riziki ya maelfu ya familia za Wakamba na kufika Nairobi na Mombasa. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani vigoda, miiko na vyombo vya ugoro; alichofanya Munge ni kuuchukua ustadi uliokuwapo, akaukutanisha na alichokiona ugenini, akapata kitu cha tatu. Ndivyo ubunifu mwingi unavyozaliwa, na mzazi anayedhani kwamba mtoto atabuni kutoka kwenye utupu anamdai asichoweza hata mtu mzima.

Katika karakana za wachongaji mtoto huanza pembeni. Hukaa karibu na mjomba au babu, hupiga msasa twiga aliyekwisha kuchongwa, hujifunza kwa vidole mwelekeo wa nyuzi za mti kabla ya kuruhusiwa kushika tezo, na makosa yake hufanyika kwenye vipande vya mti visivyo na thamani. Utaratibu huu unafaa kuigwa nyumbani karibu wote: mtoto akae karibu na kazi ya kweli, apewe sehemu ndogo iliyo ya kweli, apewe mabaki ya kuchezea. Kuna jambo moja tu la karakana lisilofaa kuigwa kwa mtoto wa miaka 5. Soko la watalii hutaka twiga wale wale, kwa mamia, wenye shingo ile ile, na mchongaji hana budi kuwatoa ili watoto wake wale. Lakini nyumbani hakuna mtalii anayengoja, na mtoto anayemfinyanga kifaru mwenye miguu sita hamkoseshi mtu mauzo. Aulizwe mguu wa sita unafanya kazi gani. Mara nyingi ana jibu.

Faida ya kumwachia mtenda kazi uamuzi ina mfano mwingine mkubwa zaidi, uliotandazwa juu ya vilima vya Machakos kwa kila asafiriye kuona. Wakati wa ukoloni wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa namna iliyoamuliwa na maofisa, na mengi ya yale ya mwanzo yaliachwa yakabomoka. Baadaye, wakifanya kazi katika vikundi vyao vya mwethya na kwa hiari yao, wakulima hao hao walichagua na kueneza matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, na ndiyo yanayoonekana hadi leo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walilieleza badiliko hilo katika kitabu chao cha mwaka 1994. Jembe lilikuwa lile lile na mteremko ule ule, ila safari hii mwenye shamba ndiye aliyeamua tuta lipite wapi.

Kwa upande wa utafiti, lipo jaribio moja ambalo kila mlezi anafaa kulijua. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watoto wa chekechea walipewa chombo kigeni cha kuchezea chenye kazi kadhaa zilizofichika. Baadhi ya watoto walionyeshwa kazi moja na mtu aliyejitambulisha kuwa anajua jinsi chombo kinavyofanya kazi; wengine waliona kazi hiyo ikitokea kana kwamba kwa bahati. Waliofundishwa waliicheza ile kazi moja na kugundua chache nyingine, na wasiofundishwa walikipekua chombo chote. Watoto hao hawakuwa wavivu. Walifikiri kwa akili timamu kabisa: mjuzi akionyesha jambo moja na kunyamaza, bila shaka hakuna jingine la kujua. Kutokana na hayo mzazi anaweza kujifunza tabia ndogo yenye faida kubwa, nayo ni kuonyesha kwa maneno ya mtu asiyemaliza, mfano "hii najua inafanya hivi, sijui kama kuna kingine", kisha kuondoka akaendelee na shughuli zake.

Sifa na zawadi zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti cha kuchora vizuri na kupewa, walirudi siku za baadaye wakichora kwa muda ulio karibu nusu ya ule wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu, ilhali waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu yao. Ahadi huigeuza kazi kuwa njia ya kupatia kitu kingine, na motisha ya ndani, yaani hamu ya kufanya jambo kwa ajili ya jambo lenyewe, hufifia. Hii haina maana kwamba mtoto anyimwe pongezi. Nyumba isiyopongeza ni baridi. Lakini badala ya "umechora vizuri sana", yafaa kusema kilichoonekana: "naona umempa mbuzi ndevu ndefu kuliko mkia", au kumwomba aeleze habari za mchoro wake. Na swali "hii ni nini?" liepukwe, kwa sababu mtoto aliyechora upepo atalazimika kusema ni nyoka.

Kazi za shule za mtaala mpya ndizo zimeleta malalamiko mengi zaidi, na malalamiko hayo yana haki. Mtoto wa gredi ya pili hurudi jioni na maagizo ya kuleta kesho kifaa kilichotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, mama akatoka usiku kutafuta karatasi za manila, baba akakata na kubandika hadi saa nne, na asubuhi darasa likajaa kazi za mikono za wazazi zilizopangwa kwenye rafu kwa majina ya watoto. Tiba yake iko pande zote mbili. Mwalimu atoe kazi wiki nzima kabla, ataje wazi kwamba hakuna kinachopaswa kununuliwa, na aithamini kazi iliyopinda yenye alama za vidole vya mtoto kuliko ile iliyonyooka. Mzazi naye akubali kumtuma mtoto na kazi iliyopinda, jambo linalohitaji ujasiri, hasa jirani anapokuwa amemtengenezea wake nyumba ya katoni yenye madirisha ya kioo. Kushika kisu kwa niaba ya mtoto ni sawa. Kuamua dirisha likae wapi ni kazi ya mtoto.

Darasani tatizo huwa ubao. Mwalimu mwenye watoto wengi na chaki chache huchora nyumba yenye paa la pembetatu, dirisha la vioo vinne na jua kwenye pembe, na watoto wote wanaiga. Nyumba hiyo haifanani na ya mtoto yeyote aliye humo, lakini ndiyo wanayoichora hadi wanapofika utu uzima. Hakuna haja ya vifaa vipya ili kuliondoa hili. Inatosha mwalimu kuwaambia watoto wachore mlango wa kwao, kwa kuwa kila mmoja anaujua wake: wa mabati, wa mbao, wenye kitasa, wenye kamba, wenye paka chini yake.

Lugha ni malighafi ya bei nafuu kuliko zote. Kwa miongo mingi sera ya Kenya imeelekeza kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa na jamii inayoizunguka shule, lakini wazazi wengi, hasa mjini, hukikwepa Kikamba wakidhani wanampa mtoto nafasi ya kutangulia katika Kiingereza. Mtoto asiye na maneno ya kutosha katika lugha yoyote hana cha kuchezea. Ndai, yaani vitendawili vya Kikamba, vinavyofunguliwa kwa wito "Kwata ndai", vilikuwa mafunzo ya jioni ya fikra tawanyifu kabla istilahi hiyo haijabuniwa, kwa maana kila ndai humlazimisha msikilizaji akitazame kitu alichokizoea kana kwamba hajapata kukiona. Nyanya na babu wanaovijua vya zamani wavitoe, kisha mtoto atakiwe kutunga chake kuhusu kitu kilichopo chumbani. Chake cha kwanza hakitakuwa na siri yoyote: "ni cheusi, tunapikia, ni nini?" Cha ishirini huenda kikawa tofauti, na Kiswahili kikiingia katikati si dhambi.

Linabaki suala la muda, ambalo linawahusu wasichana zaidi. Simu inayochezesha katuni kutwa nzima humla mtoto muda wake, hilo limesemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba msichana wa miaka 7 hubeba maji na mdogo wake mgongoni katika saa zilezile ambazo kaka yake anazunguka na gari la waya, kisha watu hustaajabu kwamba wavulana wa Ukambani wanajua kutengeneza vitu. Saa moja kila siku isiyo na kazi, isiyo na masomo na isiyo na skrini, kwa watoto wote wa nyumba, inatosha. Mtoto atalalamika kwamba hana la kufanya, na mlezi avumilie malalamiko hayo, kwa sababu kwa kawaida hayapiti robo saa kabla ya kitu fulani kuanza kuburutwa sakafuni.

Kitu hicho kikiisha kutengenezwa, mzazi mwenye upendo hutaka kukiweka kabatini. Mtoto, kinyume chake, atayang'oa magurudumu ya gari lake la Jumamosi ili Jumapili awe na winchi ya kuvuta ndoo, kwa kuwa waya ni mmoja tu na wazo ni jipya. Mzazi anayelipenda gari hilo kiasi cha kutaka libaki, atafute waya mwingine kwanza.